Viko vya Kifaransa vilivyododa: kikongwe ni kipi hasa, mti, bori au mdomo?

Kikaratasi kimefungwa kwa uzi kwenye shingo ya kiko, na juu yake mtu ameandika kwa wino wa zambarau: 1 250 F. Kiko chenyewe kimenyooka, bori lake (kikombe cha tumbaku) halizidi urefu wa kidole gumba, mdomo wake ni wa pembe. Hakijawahi kuvutwa. Muuzaji alikiweka kwenye fungu moja na vingine sita, vyote kwa bei moja na maelezo yaleyale: vimetoka Saint-Claude, vililala dukani miaka mingi, ni stoku ya zamani. Nilipovipanga mezani na kuvikagua kimoja kimoja, nikaona kwamba maelezo yale yalikuwa ya kweli kamili kwa hicho kimoja tu. Vingine vilikuwa vizuri, viwili vizuri sana, lakini ukongwe wao ulikuwa wa namna nyingine, na bei haikupaswa kuwa ile.

Neno "stoku ya zamani" ndilo linalowachanganya watu. Kiswahili kina neno lenye makali zaidi: kudoda. Bidhaa iliyododa ni ile iliyotengenezwa ikakamilika, ikapelekwa sokoni, ikakosa mnunuzi. Sasa viko vya Kifaransa vinavyouzwa leo kwa sifa hiyo vina umri wa aina tatu: umri wa mti, umri wa bori, na umri wa siku kiko kilipokamilishwa. Pengine umri wa aina zote tatu unakaribiana. Pengine kati ya wa kwanza na wa mwisho imepita nusu karne. Anayekusanya viko bila kuitenganisha miaka hiyo hulipia kitu na kupewa kingine.

Kwanza tuafikiane maneno. Wazee wa pwani walikuwa na majina kamili ya kiko cha maji. Bori ni kile kichwa cha udongo panapowekwa tumbaku. Digali ni bomba linaloshuka kutoka kwenye bori. Kiko chenyewe ni kifuu au kibuyu chenye maji, na shilamu ni bomba la kuvutia. Kiko cha Kifaransa hakina maji, lakini majina hayo yanakitosha vizuri kabisa: bori ni kikombe cha tumbaku, digali ni shingo ya mbao iliyochongwa pamoja na bori, shilamu ni mdomo unaochomekwa mwishoni mwa digali. Nitayatumia hayo hadi mwisho, maana ni yetu na hayahitaji kuazima.

Na neno "kiko" lenyewe limeshasafiri. Katikati ya karne iliyopita, viko vilivyotengenezwa Tanganyika kwa lile jiwe jeupe jepesi la Amboseli, ambalo Wajerumani waliliita povu la bahari, viliuzwa ng'ambo kwa jina la Kiko na alama ya tembo. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani hutaja jina hilo kama la kampuni yoyote nyingine. Kiko kilichopigwa chapa "Made in Tanganyika" kinakupa tarehe papo hapo, kwa kuwa jina la nchi lilibadilika mwaka 1964. Chapa, kikaratasi, boksi, pete: vitu vidogo hivyo vina kumbukumbu nzuri kuliko muuzaji. Ufaransa nako mambo ni hayo hayo.

Saint-Claude na mti wa nundu

Saint-Claude ni mji mdogo ndani ya milima ya Jura, mashariki mwa Ufaransa, karibu na mpaka wa Uswisi, mahali mito ya Bienne na Tacon inapokutana. Mahujaji walikuwa wakienda huko kuzuru mwili wa mtakatifu ambaye mji umepewa jina lake, na wenyeji wakawauzia rozari na sanamu ndogo za mbao. Kwa hiyo, kabla kiko cha mbao hakijapata umaarufu, mji ulikuwa tayari na mafundi wa kukereza wa vizazi na vizazi, na mito ya kuzungusha mashine zao. Ulipoingia mti wa bruyère katikati ya karne ya 19, ulikuta mikono inayousubiri. Baada ya miongo michache maelfu ya watu wa mji na vijiji vya jirani waliishi kwa viko.

Bruyère, au bruyeri kama nitakavyouandika, ni kichaka kiitwacho kitaalamu Erica arborea. Kinaota kuzunguka bahari ya Mediterania: Korsika, Italia, Ugiriki, Hispania, Algeria. Kinaota pia kwenye miinuko ya Ethiopia, Rwenzori na Kilimanjaro, kwa hiyo waliopanda mlima wetu wameshakipita njiani. Kinachotumika kwenye kiko si tawi wala shina. Chini ya ardhi, kati ya shina na mizizi, mti huu hujenga nundu ngumu inayokua polepole kwa miongo. Nundu hiyo hustahimili joto na haiungui upesi, na ndiyo maana viko vya mbao nyingine vilishindwa kushindana nayo.

Nundu ikichimbuliwa hutunzwa mbichi isipasuke, kisha hukatwa vipande vidogo na kuchemshwa kwa saa nyingi hadi utomvu na uchungu utoke. Halafu hukaushwa taratibu, miezi au miaka. Ndipo fundi anapokereza bori na digali. Na hapa kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui: kasoro za mti huonekana baada ya kukereza, siyo kabla. Ndani ya nundu mna vishimo na vijiwe vidogo vilivyomezwa na mti ulipokuwa ukikua. Bori likitoka kwenye mashine safi, hutengwa kwa daraja la juu. Likitoka na kishimo, huzibwa kwa lipu na kupakwa rangi nzito, huuzwa kwa jina la chini. Kiwanda hakikuweza kujua mapema kitapata mabori safi mangapi, kwa hiyo kilikereza mengi, kikayapanga kwa maumbo na madaraja, kikayaweka stoo yakiwa meupe, bila rangi na bila shilamu, yakisubiri oda.

Hayo mabori meupe ndiyo chimbuko la mkanganyiko wote. Sigara zilipochukua nafasi ya kiko, oda zikapungua, viwanda vikaanza kufungwa au kununuliana. Aliyenunua kiwanda cha mwenzake alipata jina, vifaa, na magunia ya mabori. Mabori yakahama ghala moja hadi jingine, jina la kiwanda kilichoyakereza likabaki nyuma.

Ropp: mfano wa kusomea

Mwaka 1869 Eugène-Léon Ropp alipata hataza ya kiko cha mti wa mcheri, chenye gamba lake limeachwa nje kama lilivyo. Kiwanda chake kikawa Baume-les-Dames, katika wilaya ya Doubs, kaskazini ya Saint-Claude. Baadaye Ropp walitengeneza pia viko vya bruyeri. Kiwanda kilifungwa mwaka 1991, na jina likaishia mikononi mwa kundi lililokuwa pia na Chacom, kampuni ya viko ya Saint-Claude. Miaka mingi baadaye yakatolewa stoo mabori ya zamani yaliyokuwa hayajakamilishwa, yakatiwa rangi, yakachomekwa shilamu za pembe, yakauzwa kwa jina la Ropp.

Je, kiko hicho ni kikongwe? Mti ndiyo. Bori ndiyo: mkono uliolikereza ni wa enzi ile, na umbo lake ni la enzi ile, dogo na jembamba, kabla watu hawajapenda mabori manene. Lakini rangi, ung'arishaji na uchomekaji wa shilamu ni kazi ya karne hii. Kiko hicho hakijawahi kudoda dukani, kwa kuwa hakikuwahi kufika dukani kikiwa kiko. Wauzaji waaminifu hueleza hivyo bila kuficha. Binafsi navipenda sana. Ni njia ya bei nafuu ya kushika kazi nzuri ya mikono iliyokwisha kupumzika. Ila havikai kwenye droo moja na kile chenye kikaratasi cha 1 250 F, na kwa daftari la mkusanyaji vinaandikwa mstari tofauti.

Kwa hiyo ukisikia "stoku ya zamani ya Kifaransa", huenda unaletewa kiko kilichokamilika enzi zake kikalala kwenye droo ya duka la tumbaku. Huenda ni kile kilichokamilika kikabaki kiwandani au kwa wakala, mara nyingi kikiwa kimeshonewa kwenye kadi ya maonyesho pamoja na wenzake. Huenda ni bori la zamani lililokamilishwa juzi. Na wakati mwingine, nasikitika kusema, ni kiko kilichovutwa mara chache, kikasafishwa vizuri, kikapewa jina lisilo lake.

Faranga, namba za simu na kichwa cha nguruwe mwitu

Turudi kwenye kikaratasi. Tarehe 1 Januari 1960 Ufaransa ilibadili sarafu: faranga 100 za zamani zikawa faranga 1 mpya. Kiko cha kawaida chenye bei ya 1 250 F kiliwekewa bei kabla ya siku hiyo; baada yake kingeandikwa 12,50. Kati ya 1960 na 1962 bei nyingi ziliandikwa "NF", yaani faranga mpya, ili watu wasichanganyikiwe, hivyo kikaratasi chenye NF kinakupa dirisha la miaka mitatu tu. Sijui ushahidi mwingine wa kiko unaobana tarehe kiasi hicho kwa bei ya karatasi na uzi. Ndiyo maana huwa naumia ninapoona muuzaji amekata kikaratasi ili kiko kipendeze kwenye picha.

Boksi nalo lina maneno. Namba za posta za tarakimu tano zilianza mwaka 1972, na Saint-Claude ni 39200. Boksi lenye namba hiyo haliwezi kuwa la miaka ya 1950. Namba za simu zikawa za tarakimu nane Oktoba 1985, na za tarakimu kumi Oktoba 1996. Boksi lenye simu inayoanza na 03 84 limechapwa baada ya hapo, hata kama limechorwa picha ya fundi wa kale mwenye masharubu. Tatizo la boksi ni kwamba halijafungwa kwa uzi. Viko huhamishwa maboksi kila siku, kwa hiyo boksi lisaidiwe na ushahidi mwingine.

Pete ya chuma kwenye digali ndiyo inayowadanganya wengi. Nyingi ni za nikeli, na baadhi zimepigwa vialama vya kuigiza vinavyofanana na alama za madini ya fedha halisi. Fedha halisi ya Ufaransa huwa na alama ya fundi ndani ya umbo la uru la kwenye karata, pamoja na alama ya serikali. Kwa vitu vidogo, kichwa cha nguruwe mwitu kilipigwa Paris kuanzia 1838 hadi 1962, kwa hiyo kikiwepo kinakufungia mwaka wa mwisho. Kaa, alama iliyotumika mikoani, haikomei hapo, kwa hiyo peke yake haikuambii mengi. Alama hizi ni ndogo kuliko punje ya ulezi. Bila kioo cha kukuzia usijisumbue.

Chapa za majina nazo zataka utulivu. Viko vya udongo vya Gambier vimepigwa "Gambier à Paris", lakini kiwanda kilikuwa Givet, karibu na mpaka wa Ubelgiji. Paris ilikuwa mahali pa kuuzia. GBD ni herufi za Ganneval, Bondier na Donninger, walioanza Paris mwaka 1850, lakini viko vya GBD vilitengenezwa London pia, kwa hiyo usikate shauri kabla ya kusoma maneno yaliyo upande wa pili wa digali. Butz-Choquin ilizaliwa Metz mwaka 1858, na kiko chake cha kwanza mashuhuri kilikuwa na shilamu ya mfupa wa bawa la albatrosi. Ilihamia Saint-Claude mwaka 1951 ilipopata wamiliki wapya. Chacom ni muungano wa majina ya Chapuis na Comoy, na Comoy hao hao walikuwa na karakana London tangu 1879. Hata Dunhill, mtengenezaji viko wa London, kabla ya kuwa na karakana yake mwaka 1910, alinunua mabori kutoka Ufaransa.

Juu ya hayo, karakana nyingi za Saint-Claude zilikereza kwa ajili ya wengine. Duka la mji fulani liliagiza viko mia na kupigisha jina lake. Maneno kama "Bruyère garantie", "Vieille bruyère" au "Extra" hayataji mtengenezaji wala daraja ambalo viwanda vyote viliafikiana. Yanathibitisha mti, basi. Kiko changu cha kikaratasi kina "Bruyère" na "St Claude" tu. Aliyekitengeneza sitamjua, na sikubali kumbandika jina kubwa ili thamani ipande.

Kukishika mkononi

Shilamu ndiyo inayoonyesha umri upesi. Pembe ukiielekeza kwenye mwanga utaona mawingu na mishipa, rangi ya asali ikiingia kwenye weusi, na hakuna mbili zinazofanana. Adui yake ni viwavi vya mbawakawa wanaokula pembe na manyoya. Ukiona vijishimo na vumbi laini kwenye boksi, tenga kiko hicho na vingine siku hiyo hiyo. Ebonaiti ni mpira uliopikwa kwa salfa nyingi. Mwanga na unyevu huitoa salfa juu, na weusi hugeuka kijani cha tope. Kwenye kiko kilichododa kweli mara nyingi upande mmoja tu ndio umechujuka, ule uliotazama dirisha la duka, na upande uliolalia kadi umebaki mweusi. Nikiuona mchujuko wa namna hiyo hufurahi, maana ni vigumu kuuigiza. Sugua kwa kidole kilicholowa, unuse: harufu ya kiberiti ikija, ni ebonaiti. Shilamu yenye rangi kali, inayong'aa bila kuchujuka, huenda ni ya akriliki, yaani plastiki, na akriliki kwenye kiko kinachosemwa ni cha kabla ya Vita vya Pili vya Dunia ni sababu ya kuuliza maswali.

Toa shilamu, lakini kwa adabu. Viko vya zamani sana vimeunganishwa kwa skrubu ya mfupa, vizungushe, usivivute. Ile hesi ikishachakaa shilamu hupita mstari wake ikakaa upande, na ukilazimisha mfupa utavunjikia ndani ya digali. Shilamu ya ebonaiti iliyokwama usiipinde. Kiweke kiko kwenye friza kwa saa moja ndani ya mfuko, ebonaiti hunywea zaidi ya mbao, halafu izungushe polepole.

Sasa angalia tundu la digali. Bori huweza kusafishwa likapendeza, ila lami ya tumbaku hujificha kwenye tundu. Pitisha waya wa kusafishia wenye pamba. Ukitoka na rangi ya kahawia na harufu, kiko kimevutwa, atakachosema muuzaji ni shauri yake. Weusi ndani ya bori peke yake usikutishe, kwa sababu viwanda vingi vilipaka humo tabaka jeusi la kaboni ili kuulinda mti na moto wa kwanza. Tabaka la kiwandani ni sawa pote, linafika hadi chini kabisa, na ukingo wa juu umebaki safi wenye kona kali. Moshi hauna nidhamu hiyo. Mwisho, angalia ncha ya shilamu kama ina alama za meno.

Kuhusu mti wa zamani kuwa mkavu zaidi, na kwa hiyo bora zaidi: nimelisikia mara nyingi, na silikubali. Mbao ndogo kama bori hufikia kiwango cha unyevu wa hewa inayoizunguka ndani ya muda mfupi, kisha hubaki hapo. Miaka 50 ya ziada stoo haiikaushi kupita hewa yenyewe. Kilichofanya mabori yale yawe mazuri ni kuchemshwa na kukaushwa kwa uangalifu mwanzoni, na wingi wa nundu kubwa wa kuchagua. Vilevile anayekuapia kwamba mti ni wa Algeria kwa kuutazama tu, mwombe hati. Algeria ilitoa bruyeri nyingi wakati wa ukoloni wa Ufaransa, ndiyo, lakini kichaka ni kile kile cha Korsika, na jicho haliwezi kuvitenganisha.

Mimi sivuti tumbaku na sitamshawishi mtu avute. Madhara yake yanajulikana. Ninachokipenda ni ukerezaji, ile mistari ya nundu inayopanda bori kama ndimi za moto, na kwamba vimetufikia bila kuguswa na mtumiaji yeyote. Kwa sababu hiyo pia sipeleki kiko kwenye gurudumu la kung'arishia. Gurudumu hula herufi za chapa na kulainisha kona za ukingo, na hivyo ndivyo vilivyokuwa vinanieleza habari zake. Kitambaa cha pamba, nta kidogo, droo lenye giza, yanatosha.

Kuhusu vile sita vingine, nilimwandikia muuzaji yule yule. Nilimuuliza mambo matatu: shilamu zilichomekwa lini, na nani, na alivipata viko kutoka duka au kutoka ghala. Alijibu siku iliyofuata bila kuzunguka: vinne vilikuwa mabori ya ghalani, shilamu zake za miaka michache iliyopita, viwili vilitoka kwenye duka lililofungwa lakini hakukumbuka mji. Alinirudishia sehemu ya fedha kwa vile vinne, na kwenye tangazo lake jipya ameandika "bori la zamani, mdomo mpya".